Namna ya Kusoma Upanishadi Ukianzia Kwenye Moto

Mara ya kwanza nilipomaliza kusoma Katha Upanishadi, mojawapo ya vitabu vya hekima vya India ya kale, nilikwenda kwa mwalimu wangu wa Kisanskriti moyo umenijaa. Nilitaka tuzungumze habari za kifo, za nafsi isiyozaliwa wala kufa, za mwili kuwa gari na hisi kuwa farasi. Mzee alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia, kisha akauliza, "Na matofali yalikuwa mangapi?"

"Matofali gani, Mwalimu?"

"Yale ambayo Yama alimfundisha mtoto."

Nikafungua kitabu. Kweli yapo, katika sura ya kwanza, ubeti wa 15: Yama, mfalme wa wafu, anamfundisha kijana Nachiketas habari za moto, ni matofali gani, ni mangapi, na hupangwaje. Ubeti huo nilikuwa nimeuruka bila hata kujua kwamba nauruka. Nikamjibu kwamba idadi haikutajwa. "Basi, mwanangu, nenda kule inakotajwa," akasema. "Ukirudi tutazungumza habari za nafsi."

Nilirudi baada ya miezi saba. Mwongozo huu ni njia niliyopita katika miezi hiyo, nikiwa nimeiondolea vichochoro nilivyopotelea. Namwandikia msomaji aliyewahi kushika Upanishadi, akapenda sentensi kumi, akachoshwa na kurasa za ng'ombe, samli na farasi, akajiambia kwamba hekima ni zile kumi na yaliyobaki ni makapi. Falsafa ile ilizaliwa kwenye uwanja wa moto. Asiyeujua uwanja huo husikia majibu bila kuyasikia maswali.

Uliza kitabu ni cha nani

Kabla ya kuuliza Upanishadi inasema nini, uliza ni ya Veda ipi. Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, ni nne: Rigveda, Yajurveda, Samaveda na Atharvaveda. Kila moja ina mkusanyo wake wa beti na mantra, halafu vitabu vya nathari vinavyoeleza ibada, viitwavyo Brahmana, halafu Aranyaka, yaani maandiko ya msituni, na mwishoni Upanishadi. Rigveda, yenye nyimbo 1,028, wataalamu wengi huiweka kati ya mwaka 1500 na 1000 KK, na Upanishadi kongwe zinakuja karne kadhaa baada yake. Yote hayo yalihifadhiwa vichwani na koo za makuhani, yakarithishwa kwa mdomo, na kila kitabu kikabaki na harufu ya kazi ya wale waliokitunza.

Kazi zenyewe ni hizi. Hotri hukariri beti za Rigveda. Udgatri huimba, na nyimbo zake ni za Samaveda. Adhvaryu ni mtu wa mikono: hupima ardhi, huwasha, humimina, huku akitamka kwa sauti ya chini maneno ya Yajurveda. Kuhani wa nne, aitwaye brahman, huketi upande wa kusini akiwa kimya na kuifuata ibada yote akilini, ili kosa likitokea alitengeneze.

Ukishajua hilo, milango inafunguka yenyewe. Upanishadi ya Chandogya ni ya waimbaji, ndiyo maana sentensi yake ya kwanza inahusu silabi Om inayoanzisha wimbo. Brihadaranyaka ni kipande cha mwisho cha Shatapatha Brahmana, kitabu cha watu wa mikono, ndiyo maana inafungua na farasi wa kafara. Isha, ile fupi ya beti 18, ni sura ya 40 na ya mwisho ya mkusanyo wa mantra za Yajurveda Nyeupe, moja ya matawi mawili ya Yajurveda.

Shatapatha utaihitaji sana. Tafsiri ya Kiingereza ya Julius Eggeling, juzuu tano zilizotoka kati ya 1882 na 1900, ni nzito lakini haina haki miliki tena, kwa hiyo inapatikana bure. Kwa Upanishadi kongwe, ile ya Patrick Olivelle ya 1998 imeweka Kisanskriti na Kiingereza pamoja.

Chora uwanja sakafuni

Hatua hii wengi huidharau, na mimi naiona kuwa nusu ya kazi. Chukua chaki. Simama ukitazama mashariki. Upande wa magharibi chora duara: huo ni garhapatya, moto wa mwenye nyumba. Upande wa mashariki chora mraba: ahavaniya, moto unaopokea sadaka. Kusini chora nusu mwezi: moto wa kusini, unaohusiana na mababu. Katikati ya duara na mraba chora vedi, mahali panapotandikwa majani ili miungu iketi: pana upande wa magharibi, nyembamba katikati, pana tena mashariki. Shatapatha inasema iwe hivyo kwa sababu ndivyo umbo la mwanamke linavyosifiwa.

Moto wa mraba huwashwa kutoka kwenye moto wa duara. Kwa hiyo kila kitu katika ibada hii husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kutoka nyumbani kwenda kwa miungu. Ukisikia kitabu kinazungumza juu ya kupanda, kuvuka au kufika, kumbuka kuna mtu aliyekuwa anatembea hatua hizo kwa miguu yake, upawa wa maziwa mkononi.

Siku nilipochora, nilisimama kati ya duara na mraba, nikasoma ukurasa wa kwanza wa Shatapatha. Mtu anayeingia katika nadhiri ya ibada anasimama hapo hapo, anatazama mashariki na kugusa maji. Kitabu kinajiuliza: kwa nini aguse maji? Kwa sababu mwanadamu si safi, husema uongo, na maji ni safi. Kisha anatamka, "Sasa natoka katika uongo, naingia katika ukweli." Miungu ni ukweli, kitabu kinasema, na wanadamu ni uongo, na hakuna cha tatu.

Ibada inapokwisha inabidi mtu atoke katika nadhiri. Atatokaje? Akiyageuza maneno yale yale atasema, "Natoka katika ukweli, naingia katika uongo," na hilo halifai kutamkwa. Kitabu kinampa sentensi nyingine: "Sasa mimi ni yule yule niliye." Niliisoma mara tatu, chaki bado iko vidoleni. Swali la "mimi ni nani," nililokuwa nimelitafuta kwenye Upanishadi, lilikuwa hapa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha ibada, na lilikuja kama tatizo la kikazi: mtu aliyekuwa upande wa miungu anarudije nyumbani bila kusema jambo baya?

Ifuate ibada moja mpaka mwisho

Usijaribu kuzielewa ibada zote. Chagua moja, ndogo, uijue kama unavyojua njia ya kwenda kulala. Mimi nakushauri Agnihotra, ya asubuhi na jioni.

Jua linapotua, ng'ombe anakamuliwa. Maziwa yanapashwa moto juu ya makaa yaliyovutwa kando ya moto wa duara. Yanachotwa mara nne kwa kijiko cha mti na kutiwa kwenye upawa mrefu. Upawa unabebwa kwenda mashariki, kijiti cha kuni kinawekwa kwenye moto wa mraba, maziwa yanamiminwa: "Agni ni nuru, nuru ni Agni, svaha!" Asubuhi maneno hubadilika: "Surya ni nuru, nuru ni Surya, svaha!" Agni ni moto, Surya ni jua, na svaha ni neno linalotamkwa sadaka inapotolewa. Mmimino wa pili hutolewa kimya, kwa Prajapati, bwana wa viumbe. Masalio hunywewa.

Shatapatha inaeleza sababu. Jua likizama huingia ndani ya moto na kuwa mimba. Usiku kucha limelala humo, kama viumbe vyote vilivyolala. Sadaka ya asubuhi hulizalisha, na kitabu kinaongeza kwamba bila sadaka hiyo lisingechomoza. Hapo ndipo msomaji wa leo huweka kitabu chini. Nakuomba usiweke. Makuhani wale wale walibishana vikali kama sadaka ya asubuhi itolewe kabla ya jua kuchomoza au baada yake, na waliotetea "baada" walikuwa wanatoa sadaka jua limekwisha wapiga usoni. Hawakuwa wajinga wa anga. Walikuwa wanasema kwamba kati ya moto wa nyumbani na jua la mbinguni kuna udugu, na mtu aliye katikati yao ana wajibu.

Angalia pia neno dogo ambalo mwenye sadaka hutamka kitu kinapoingia motoni: "Hiki ni cha Agni, si changu." Wanazuoni wa Mimamsa, shule iliyojitolea kuchambua kanuni za ibada, walisema baadaye kwamba sadaka ina vitu vitatu: kitu kinachotolewa, mungu anayepewa, na tendo la kuachia. Weka hayo matatu akilini, maana sasa tunaanza kuyaondoa moja moja.

Hapa ndipo ibada inapogeuka falsafa

Fungua Shatapatha kitabu cha 11, sehemu ya tatu. Mfalme Janaka wa Videha anamuuliza Yajnavalkya, mwanazuoni mkuu wa Yajurveda Nyeupe, kama anaijua Agnihotra. Nimeyatafsiri mazungumzo yao kwa ufupi:

"Naijua, ewe mfalme."

"Ni nini?"

"Ni maziwa."

"Kama hakuna maziwa, ungetoa nini?"

"Mchele na shayiri."

"Kama hakuna mchele wala shayiri?"

"Mimea mingine iliyopo."

"Kama hakuna mimea hiyo?"

"Mimea ya porini."

"Kama hakuna ya porini?"

"Matunda ya miti."

"Kama hakuna matunda?"

"Maji."

"Na kama hakuna maji?"

"Basi hapa pasingekuwa na kitu chochote. Na bado sadaka ingetolewa: ukweli ndani ya imani."

"Unaijua Agnihotra, Yajnavalkya. Nakupa ng'ombe mia."

Soma polepole. Funika majibu kwa karatasi, jibu mwenyewe kila swali, kisha ufunue. Utaona kwamba swali la Janaka ni la mtu wa kazi: maziwa yakikosekana ibada isimame? Vitabu vya ibada vimejaa maswali ya namna hiyo, tofali likivunjika, moto ukizimika, ng'ombe akilala chini wakati wa kukamuliwa. Yajnavalkya anajibu kama mtu wa kazi pia, anashuka ngazi moja moja, kutoka kitu cha zizini kwenda cha shambani, cha porini, mpaka maji ambayo hayana mkulima. Anapofika chini kabisa, pasipo na kitu cha kushika, anakuta kwamba ibada ingali imesimama. Lile tendo la kuachia limebaki peke yake, na jina lake ni ukweli ndani ya imani. Kumbuka mtu aliyegusa maji akasema anaingia katika ukweli. Ni ukweli ule ule.

Na usiwapite ng'ombe. Mtu aliyetoka kuonyesha kwamba sadaka ya maziwa inaweza kufanyika bila maziwa amelipwa ng'ombe mia, na hakuna mahali anapowakataa. Kesho asubuhi watakamuliwa. Nimesoma watu wengi wanaosema hapa ndipo Wahindu wa kale walipoitupa ibada wakashika falsafa. Siamini. Yajnavalkya ameijua Agnihotra mpaka mzizi wake, na anayeujua mzizi ndiye mwenye haki ya kumimina.

Swali la Janaka sasa ni chombo chako. Kila unapokutana na fundisho gumu, uliza: hapa wameondoa nini, na wameweka nini mahali pake? Jaribu kwenye Chandogya, sura ya tano. Chakula cha kwanza kinachofika mbele ya mtu kinatolewa kama sadaka kwa pumzi tano zake: "Kwa prana, svaha," kisha vyana, apana, samana, udana. Maziwa yameondoka, tonge limeingia. Uwanja je? Rudi kwenye chaki yako, kwa sababu Upanishadi yenyewe inakupa ramani: kifua ni vedi, nywele za mwili ni majani yaliyotandikwa, moyo ni moto wa mwenye nyumba, akili ni moto wa kusini, kinywa ni ahavaniya. Mimi niliandika majina hayo juu ya mistari ile ile ya sakafuni. Aliyeanza kusoma hapa bila kuchora ataona orodha ya viungo vya mwili. Wewe utaona mtu aliyelala kifudifudi juu ya uwanja mzima.

Maneno ya Kiswahili yatakayokusaidia na yatakayokupoteza

Neno la kwanza linalosumbua ni yajna lenyewe. Kafara linabeba maana ya kufuta kosa au kuondoa balaa, na Agnihotra haina kosa inalolifuta. Dhabihu linataka mnyama achinjwe. Tambiko linaelekea kwa wahenga, na linafaa kabisa kwa sadaka za mababu zitolewazo upande wa kusini, lakini si kwa za Agni. Mimi husema sadaka ya moto, na kafara nalitumia penye farasi au mbuzi tu.

Atma limenipa furaha isiyo kifani. Katika Kisanskriti ni nafsi, ni mwili mzima, na ni kiwakilishi cha kujirejea, kama "mwenyewe." Neno letu nafsi linafanya kazi karibu zote hizo: tunasema nafsi yake, anajidhulumu nafsi, na katika sarufi tuna nafsi ya kwanza na ya pili. Tafsiri kwa nafsi, usitafsiri kwa roho. Roho hukupeleka kwenye kitu kinachotoka mwilini kikaruka, na si hicho wanachokitafuta.

Karma watu wengi hulijua kwa maana ya malipo ya matendo. Katika Brahmana ni kazi tu, hasa kazi ya ibada iliyofanywa sawasawa. Maana ya malipo baada ya kifo inakuja taratibu, na katika Brihadaranyaka utaona Artabhaga na Yajnavalkya wakishikana mikono na kwenda kando kulizungumza jambo hilo mbali na watu. Brahma nalo, ukilikuta kwenye maandiko ya kale, anza na maana ya neno takatifu lenye nguvu, mantra yenyewe. Kutoka hapo ndipo limepanda kuwa jina la ukweli ulio nyuma ya vyote. Ukianza na maana ya juu hutaona lilivyopanda.

Tunza daftari la viungo

Makuhani wana neno bandhu, udugu au kiungo. Kazi kubwa ya Brahmana ni kutafuta viungo: hiki cha uwanjani ni ndugu wa kile cha mbinguni na wa kile cha mwilini. Gawa ukurasa wa daftari lako safu tatu: uwanja, ulimwengu, mtu. Kila "hiki ni kile" unachokikuta, kiandike katika safu zake.

Anza na mwanzo wa Brihadaranyaka, na usome kwa sauti. Alfajiri ni kichwa cha farasi wa kafara. Jua ni jicho lake, upepo ni pumzi yake, mwaka ni mwili wake. Akipiga miayo, umeme, akijitikisa, radi, akikojoa, mvua. Mimi nilisoma kimya kimya mara nyingi nikaona mashairi ya ajabu ajabu tu. Niliposoma kwa sauti nilimwona farasi, mkubwa kuliko upeo wa macho, na nikaelewa kwamba mwandishi anamwambia mtu asiye mfalme, asiyeweza kumtoa farasi maishani mwake: mnyama yuko nje, amesimama, kumekucha.

Kisha jaza hesabu. Chandogya sura ya tatu inasema mtu mwenyewe ni sadaka. Sadaka ya soma, kinywaji kitakatifu kinachokamuliwa kwenye mmea, ina vipindi vitatu kwa siku, kila kimoja na bahari yake ya shairi. Miaka 24 ya kwanza ya maisha ni kipindi cha asubuhi, kwa sababu bahari ya gayatri ina silabi 24. Miaka 44 inayofuata ni adhuhuri, kwa trishtubh ya silabi 44. Miaka 48 ya mwisho ni jioni, kwa jagati ya silabi 48. Jumla 116, na kitabu kinamtaja Mahidasa Aitareya aliyeishi miaka hiyo. Ukiugua katika kipindi chochote, unawaomba walinzi wa kipindi hicho wakuvushe mpaka kinachofuata. Hizi ni safu zote tatu za daftari katika aya moja.

Rudi kwenye matofali

Sasa swali la mwalimu wangu. Liko Shatapatha, kitabu cha 10. Madhabahu kubwa ya moto, Agnichayana, hujengwa kwa tabaka tano, mara nyingi kwa umbo la ndege anayeruka. Kitabu kinataja mawe ya kuzungushia 360, ambayo ni usiku za mwaka, na matofali ya kujazia 10,800. Kwa nini 10,800? Usiku na mchana vimegawanywa muhurta 30, na mwaka una siku 360; zidisha. Madhabahu ni mwaka uliosimamishwa kwa udongo uliochomwa. Na mwaka ndiye Kifo, maana ndio unaokula siku za watu.

Simulizi inaendelea kwamba miungu ilijenga na kujenga isipate kutokufa, kwa kuwa haikuweka matofali yote. Prajapati akaitajia hesabu, ikaweka, ikapata. Kifo akalalamika: wanadamu nao wakifanya hivyo, mimi nitakula nini? Akajibiwa kwamba hakuna atakayekuwa wa milele pamoja na mwili wake. Mwili ni fungu la Kifo. Atakayepata atapata baada ya kuuacha, kwa ujuzi au kwa kazi. Kisha kitabu kinafafanua: ujuzi ni moto huu, na kazi ni moto huu.

Kwa ujuzi au kwa kazi. Nilipofika hapo niliacha kila kitu nikafungua Katha tena. Nachiketas, aliyekaa siku tatu bila chakula mlangoni kwa Kifo, yaani Yama, anapewa maombi matatu. La kwanza, hasira ya baba yake itulie. La pili, moto, na hapo ndipo yalipo matofali. La tatu, ni nini kinachobaki mtu akifa. Simulizi hii ilikuwepo tangu Taittiriya Brahmana, na kule ombi la tatu ni namna ya kushinda kufa kwa mara ya pili, na jibu la Kifo ni lile lile la ombi la pili: moto wa Nachiketas. Katha imechukua simulizi ya wazee, ikayaacha maombi mawili mahali pake, ikalibadili jibu la tatu. Kazi imebaki katika ombi la pili. Ujuzi umepewa la tatu. Kifo ni yule yule, na sasa analazimika kumfundisha mtoto jambo ambalo alilia lisitangazwe.

Madhabahu ya namna hii si habari ya kale tupu. Aprili 1975, Wanambudiri, jamii ya makuhani wa kijiji cha Panjal, Kerala, kusini mwa India, waliifanya Agnichayana kwa siku 12, mtaalamu Frits Staal akiwa miongoni mwa walioirekodi. Ndege alijengwa kwa matofali zaidi ya elfu moja katika tabaka tano. Mbuzi hawakuchinjwa, mahali pao viliwekwa vifurushi vya unga wa mchele vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Swali la Janaka, kama hakuna hiki utatoa nini, lilikuwa bado linafanya kazi. Mwishoni kibanda cha ibada kilichomwa moto.

Ukikutana na karipio

Utafika Mundaka, Upanishadi nyingine, na humo utasoma kwamba sadaka ni mashua dhaifu, na wapumbavu wanaozishangilia huanguka tena katika uzee na kifo. Usifunge mahesabu mapema. Beti chache tu kabla ya hapo, Mundaka hiyo hiyo imesifu sadaka iliyotolewa kwa wakati wake. Na beti chache mbele inamwambia mtafutaji aende kwa mwalimu akiwa na kuni mkononi. Kuni kwa sababu gani? Kwa sababu mwalimu ana moto wa kutunza. Hata wanaokwenda kuuliza lililo zaidi ya moto wanaingia kwa kuulisha moto.

Pia sala ile inayoimbwa kote, "Nitoe katika yasiyo kweli unifikishe kwenye kweli, nitoe gizani unifikishe nuruni, nitoe katika kifo unifikishe katika kutokufa," itafute mahali pake, Brihadaranyaka sura ya kwanza. Utakuta ni maagizo ya kazi: mwimbaji anapoanza wimbo fulani wa soma, mwenye sadaka atamke maneno hayo kwa sauti ya chini. Kwangu mimi imekuwa nzito zaidi tangu nijue inatamkwa wakati gani.

Jambo moja linaniuma na sitalificha. Uwanja huu ulikuwa na mipaka. Washudra, watu wa tabaka la chini, waliwekwa nje ya sadaka hizi, na vitabu vya sheria vya baadaye vilikuwa vikali zaidi. Mke alihitajika kwenye ibada, lakini sauti yake ni adimu. Ndiyo maana nashikilia sana pale Gargi, mwanamke mwanazuoni, anaposimama mbele ya mkutano wa makuhani kumhoji Yajnavalkya mara mbili, na pale Satyakama, kijana anayetaka kuwa mwanafunzi, anapoulizwa ukoo wake na kujibu kama mama yake alivyomwambia: hajui baba ni nani. Mwalimu anamwambia, "Lete kuni, mwanangu. Hukuiacha kweli." Maji yale ya ukurasa wa kwanza wa Shatapatha, kijana huyu hakuyahitaji.

Unapokuwa tayari kwa wafafanuzi

Usiwaguse kabla. Ukifika, weka sentensi mbili sambamba. Sutra za Jaimini, msingi wa Mimamsa, zinaanza: "Sasa basi, hamu ya kuijua dharma." Sutra za Badarayana, msingi wa Vedanta, shule iliyojengwa juu ya Upanishadi, zinaanza: "Sasa basi, hamu ya kuijua brahma." Ni neno moja tu lililobadilika. Wafafanuzi wakamwaga wino mwingi juu ya lile "sasa," atha: sasa, baada ya nini? Shankara alisema baada ya mtu kupambanua cha kudumu na cha kupita, kuacha tamaa na kutuliza nafsi. Kuisoma ibada kwanza si sharti. Ramanuja alisema baada ya kuichunguza ibada na kuona matunda yake yanaishia wapi.

Shankara namheshimu, na kwa mtu aliyeiva huenda anasema kweli. Kwa msomaji anayeanza, mimi niko na Ramanuja. Chukua penseli, na pembeni mwa neno hilo andika ulichokwisha kukisoma kabla yake. Katika nakala yangu imeandikwa: maziwa, chaki, farasi, 10,800.